Hela za Mtani Zilibaki Vumbini

"Msipande! Msipande hilo gari, mtakufa!"

Nilikuwa nimelala chali katikati ya barabara. Joho la mahafali limejaa vumbi jekundu, kofia imeruka huko, na lori linanguruma mbele yangu mpaka joto la injini nalisikia kwenye nyayo...

Na wenzangu, wale niliosoma nao dawati moja, walikuwa wanacheka!

Wanacheka mpaka wanashikana mabega.

Mmoja akanirushia shilingi. Mwingine naye akarusha. Nyingine ikanipiga shavuni.

"Haya mtani, tumekusikia! Okota hela yako uinuke, pilau linapoa huko Mkunya!"

Jamani... nisikilizeni.

Nyie mnaonifuata humu mnanijua kwa vichekesho. Mnasema dada Sijaona ukisoma post zake unasahau kodi ya nyumba. Leo sina kichekesho. Leo nina hasira, na nina mtu wa kumlilia, na nimechoka kunyamaza.

Juzi nimeungwa kwenye group la WhatsApp. Waliohitimu chuo cha biashara Masasi, mwaka tisini na sita. Nafungua, nakuta picha za watu wenye vitambi na vipara, nikacheka mwenyewe. Halafu nikaona admin ni nani.

Godwin.

Na ujumbe wake wa kwanza kwangu ulikuwa huu: "Jamani mtani wetu Sijaona kaingia! 😂😂 Mtumieni chochote ainuke barabarani!"

Watu wakaweka vicheko. Simu ikaanza kulia, muamala huu, muamala ule... elfu moja, mia tano... utani wa kizamani umerudi.

Nikaiacha simu juu ya kitanda.

Sasa niwaambie kwa nini.

*

Mimi ni Myao wa Masasi, nimezaliwa chini ya ile milima ya mawe. Rafiki yangu Paskalia, Paska, alikuwa Mmakonde wa Mkunya, kule juu Newala. Kwetu Myao na Mmakonde ni watani, na utani wetu si wa kuchekeana tu. Mtani ana haki zake! Mtani anaweza kukuvua kofia mbele ya mkweo. Anaweza kukutukana msibani na usinune, ukinuna watu wanakushangaa wewe.

Na kukiwa na harusi au mazishi, mtani anakulalieni njiani. Hampiti. Analia, anagaragara, anasema "sitanii, leo hapiti mtu hapa!" mpaka mmtupie hela. Akishaokota, anainuka, safari inaendelea.

Chuo chetu kilikuwa vyumba vya kupanga nyuma ya soko. Enzi hizo ruksa ya biashara huria imeingia kwelikweli, mitumba imejaa, ushirika umelegea, makampuni binafsi ndiyo yanagombania korosho. Kila mzazi alitaka mwanawe ajue kupiga chapa na kutunza stoo ili apate kazi kwa hao wanunuzi wapya.

Paska alinikuta mlangoni siku ya kwanza.

"We Myao, hapa ni shule, si ngomani."

"Na wewe mla panya, umewafungia mlango huko kwenu? Wasije wakakufuata darasani."

Basi. Kuanzia hapo tukalala kitanda kimoja, tukala sahani moja.

Bibi yake alipofariki nilipanda mpaka Mkunya. Nikalala mbele ya jeneza. Nikapiga kelele, "Sitanii! Bibi haendi popote, alikuwa mchumba wangu!" Watu walikufa kwa kicheko na machozi wanayo. Wakanitupia hela, nikaokota moja moja. Moja ilibingirika ikaingia chini ya kiatu cha katekista, nikamwinua mguu katikati ya sala!

Paska aliisimulia hiyo mpaka siku ya mwisho ya maisha yake.

Huyo ndiye mimi. Darasa zima walinijua hivyo.

Sasa Godwin. Godwin alikuwa kiongozi wa darasa letu, mtoto wa hapa hapa Masasi. Baba yake, Mzee Erasto, alikuwa ameanza kununua korosho, kapata lori, na ukiwa na lori enzi hizo wewe ni mtu mkubwa. Godwin alivaa miwani nyeusi, shati kachomekea, akiongea anajishika kidevu kama mheshimiwa.

Na nisiwafiche, tulikuwa tunapendana. Kwa siri, Paska peke yake ndiye alijua. Aliniambia angepeleka posa kwetu baada ya mahafali. Mimi na akili zangu zote nikaamini.

*

Siku ya mahafali ilikuwa ya furaha, we acha tu!

Asubuhi nimeshamwibia Paska kofia yake na kugoma kuirudisha mpaka anibebe mgongoni mbele ya mgeni rasmi. Akanibeba! Mwalimu Yohana, mkuu wetu wa chuo, alicheka mpaka akafuta miwani.

Baada ya vyeti tulipanga kuagana nyumbani kwa kina Paska. Baba yake kachinja mbuzi. Tule, tucheze, kesho kila mtu ashike njia yake. Paska alikuwa ameshapata kazi ya stoo kwa wanunuzi wa Newala. Alikuwa anaringa huyo!

"Mshahara wa kwanza nakununulia sabuni, Myao unukie vizuri."

Usafiri ni lori la kina Godwin. Yeye mwenyewe alijitolea, watu wakampigia makofi.

Nikachukua soda mbili nimpelekee. Nikazunguka nyuma ya lori...

Nikasikia sauti ya January, dereva wao, mtu mzima.

"Bosi, breki haishiki. Tangu Nanganga nimekuja kwa gia tu."

"Si umefika?"

"Nimefika kwenye tambarare. Mlima wa Newala huu? Na watu juu? Gari ikikosa nguvu katikati ya mlima, naizuia na nini?"

"Mzee January, baba anataka gari iamkie Newala. Lile kampuni jingine limeshapeleka magari mawili. Tukichelewa wakulima wote wanauza kwao. Unaelewa?"

"Naelewa. Ila mimi hawa watoto siwapandishi."

"Basi lete funguo. Dunstan ataendesha."

Dunstan alikuwa utingo! Kazi yake ilikuwa kukaa nyuma na kigogo, gari ikisita mlimani anaruka kukiweka chini ya tairi. Sasa akiendesha yeye, kigogo ataruka nacho nani?

Mzee January alimpa funguo. Akavua kofia yake, akaondoka kwa miguu.

Soda zilinidondoka.

Godwin akageuka, akaniona.

"Umesikia nini?"

"Nimesikia yote."

"Sijaona... mpenzi... usiniharibie siku. Dunstan ataenda polepole. Mimi mwenyewe nawafuata na pikipiki."

"Na pikipiki?! Kwa nini usipande nao?"

Akavaa miwani yake.

Nikakimbia mbele. Watu wameshaanza kupanda, wanaimba.

"Jamani shukeni! Gari halina breki!"

"Aaah, mtani kaanza!"

"Wallahi tena! Nimemsikia dereva!"

"Kaapa! Leo kapandisha bei!"

Nikamkimbilia Mwalimu Yohana, yuko anaagana na wageni. Namvuta mkono, nalia.

"Mwalimu, wazuie, lori ni bovu!"

"Sijaona," akasema huku anacheka, "hata leo? Basi nenda, nenda, umeshafaulu."

Nyuma yangu injini ikawaka.

Mngefanya nini? Niambieni nyie, mngefanya nini?

Mimi nilifanya nilichokuwa nakijua. Nikaenda kulala barabarani.

"Sitanii! Leo hapiti mtu hapa!"

Maneno yale yale. Mungu wangu, maneno yale yale niliyosema kwenye jeneza la bibi yake! Nilijisikia mwenyewe nikiyatamka na sikuwa na mengine.

Vicheko. Hela zikaanza kunyesha.

Godwin akaja akasimama juu yangu. Tukatazamana. Alijua silii machozi ya utani, na mimi nilijua anajua. Akawageukia wenzangu, akatabasamu.

"Huyu mtani wenu mnamjua kazi yake. Mpeni chake ainuke!"

Nilimpenda mtu yule. Siku ile ndipo nilipomwona.

Paska akashuka kwenye lori. Nikasema alhamdulillah, huyu atanielewa. Akainama, akaniwekea sarafu kiganjani, akanifuta vumbi usoni kwa kanga yake.

"Haya Myao, umeshinda. Inuka usichafue joho la kukodi."

Nikamshika mguu.

"Paska. Usipande. Nakuomba. Sitanii."

"Ndivyo ulivyosema kwa bibi."

"Paska!"

"Twende basi, si unapanda na wewe? Baba anakusubiri."

Sarafu ile niliitupa. Nikamng'ang'ania mguu kwa mikono yote miwili mpaka akaanza kusema naumia. Wavulana wawili wakanibeba, mmoja mabega, mwingine miguu, wakaniweka pembeni kwenye majani kama gunia. Wanacheka. Paska akapanda, akanipungia kofia.

"Kwaheri mtani! Tutakubakizia mifupa!"

Lori likaondoka. Pikipiki ikafuata, mbali, nyuma kabisa.

Barabarani zilibaki zile hela. Sikuokota hata moja.

*

Habari zilifika Masasi kabla jua halijazama. Gari lilikosa nguvu katikati ya mlima. Likasita. Likaanza kurudi nyuma...

Sitasimulia zaidi. Walikufa wanne niliosoma nao, na Dunstan. Paska alikuwa mmoja wao. Edmund, aliyenibeba miguu, alikatwa mguu wake wa kushoto.

Nilipanda Mkunya na basi nikiwa sioni mbele.

Nilipofika msibani nikaenda kukaa nyuma ya jiko. Mama Paskalia akanifuata huko huko. Nikapiga magoti.

"Shikamoo mama."

Akanishika mabega.

"Mtani, wewe ulikuwepo. Mbona hukumzuia mwanangu?"

Ningesemaje? Nilimzuia, mama. Nilimzuia mpaka nikatupiwa hela.

Halafu nikamwona Godwin.

Amekaa na wazee! Nguo nyeusi, kitambaa mkononi, analia. Kaleta magunia ya mchele na sukari, watu wanamwombea baraka. Nikamsikia anawaambia, "Yule utingo alikunywa uraka, pombe ya mabibo, wazee wangu. Alichukua gari bila ruhusa yangu. Ningejua..."

Dunstan kafa, hawezi kujitetea. Mama yake Dunstan alikuwa kijiji cha jirani, anazika mwanawe peke yake, hakuna aliyekwenda kumpa pole.

Muda wa kutoa jeneza ulipofika, Baba Paskalia akauliza, "Mtani wetu yuko wapi? Tutamtoaje bila mtani?"

Watu wote wakanitazama.

Nikainuka.

Nikamwomba mjomba mmoja miwani yake nyeusi. Nikachukua shati la mtu kwenye kamba, nikachomekea kwenye kanga. Nikajishika kidevu. Nikatembea kifua mbele mpaka katikati ya uwanja.

Kicheko! Kila mtu alimtambua. Hata Godwin alitabasamu kidogo huku anafuta macho, maana mtani akikuiga msibani huna ruhusa ya kununa.

Nikaanza. Sauti nzito:

"Bosi, breki haishiki! Tangu Nanganga nakuja kwa gia!"

Wakacheka.

Nikageuka upande wa pili, nikajishika kidevu:

"Baba anataka gari iamkie Newala! Lete funguo, utingo ataendesha!"

Wakacheka... ila wachache.

"Na wewe bosi, hupandi?"

"Mimi? Aka! Mimi nafuata na pikipiki!"

Hakuna aliyecheka.

Nikajilaza chini mbele ya jeneza la rafiki yangu, mahali pale pale nilipomlalia bibi yake.

"Jamani msipande! Sitanii!"

Nikainuka haraka, nikajishika kidevu, nikatabasamu lile tabasamu lake.

"Huyu mtani wenu mnamjua kazi yake... Mpeni chake ainuke."

Mama Paskalia alikuwa amekaa kitako chini, mkono mdomoni.

Godwin akasimama.

"Huu sasa si utani! Anatumia msiba—"

"Kaa," Baba Paskalia akasema. "Mtani hakatizwi."

Ndipo mtu akapita katikati ya watu, kofia mkononi. Mzee January. Alikuwa amekuja kwa miguu sehemu kubwa ya njia.

"Maneno hayo ni yangu," akasema. "Nilimwambia hivyo hivyo. Na yeye akanijibu hivyo hivyo."

Baba Paskalia hakupiga kelele. Aliwaita vijana, akawaambia watoe mchele na sukari wakaviweke barabarani. Halafu akaniuliza mimi, kwa sauti ndogo sana, kama njia iko wazi.

Nikasema iko wazi. Tukamzika Paska.

Mnataka kujua Godwin alifanywa nini? Hakufanywa kitu. Kesi ilizunguka zunguka ikafa, makosa yote akabebeshwa Dunstan aliyekuwa kaburini. Mzee Erasto alinunua lori jingine. Godwin akahamia mjini, akaoa, akanenepa. Leo ni admin.

Na mimi miaka yote nimebeba swali la Mama Paskalia. Nimeolewa nalo, nimezaa nalo. Najiuliza, hivi kama ningelia tofauti? Kama nisingelala chini? Kwa nini hakuna hata mmoja aliyenisikia?

*

Sasa jana usiku Edmund kaja inbox. Hatukuwahi kuongea tangu siku ile. Katuma sauti, anahema.

"Sijaona, nimeona Godwin alivyokuandikia kwenye group. Nikaona na wewe umenyamaza. Kuna kitu sijawahi kumwambia mtu..."

Nikasikia jogoo wa kwao.

"Tulipoanza kupanda mlima, Paska alikuwa anaimba na sisi. Ghafla akaacha. Akasema, 'Jamani, Sijaona hakuokota hela.' Tukamwambia ataokota baadaye. Akasema, 'Hapana. Kwa bibi aliokota mpaka iliyokuwa chini ya kiatu cha katekista. Mtani haachi hela yake. Yule hakuwa anatania.' Akaanza kugonga bodi la gari, 'Simamisha! Dunstan, simamisha!' Na sisi... Sijaona, nisamehe... sisi tukamcheka. Tukasema umemwambukiza utani. Alikuwa bado anagonga gari lilipoanza kurudi nyuma."

Nimeisikiliza sijui mara ngapi.

Alinisikia! Paska wangu alinisikia. Alichelewa, lakini alinisikia, na alikufa akigonga. Nimelia kilio ambacho nilikuwa sijakilia tangu tisini na sita.

Asubuhi hii Edmund kaniruhusu, nikaiweka sauti yake kwenye group, kila mtu aisikie.

Godwin alijibu haraka.

"😂 Mtani hajaacha tu! Jamani mwongezeeni, hiyo ya juzi haikumtosha."

Safari hii hakuna aliyeweka kicheko. Akatoka mmoja. Akatoka mwingine. Mpaka naandika hapa, kabaki yeye, Edmund, na mimi.

Somo langu si refu. Nyote mna mtu mcheshi, kwenye familia, kazini, mtaani. Mmemzoea. Siku moja atawaambia kitu na sauti ile ile ya siku zote, kwa sababu hana nyingine. Msimsikilize mdomo. Mwangalieni mikono, kama kaokota chake au kakiacha.

Na nyie wenzangu mlionitumia hela juzi, najua wengi hamkuwa na nia mbaya. Angalieni simu zenu.

Nimerudisha zote.